Vidole Vilivyoliwa na Nanasi

Taa nyekundu iliwaka kwa mara ya tisa, na foleni ya wamenyaji wa mananasi nyuma ya Bingwa ikaanza kuguna.

"Kidole kingine," alisema meneja.

Kilibaki kimoja. Bingwa alikiweka kwenye kioo bila haraka, kama mtu anayejaribu viatu ambavyo hana nia ya kuvinunua. Mashine hiyo mpya ya getini ilikuwa inasoma kidole, inauliza ofisi ya vitambulisho, kisha inaleta jina la mtu. Kwake haikuleta kitu. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Asiyesomeka haingii," alisema meneja. "Ndiyo sheria."

"Miaka kumi na tisa napita hapa. Mashine yako ina siku ngapi?"

Wanawake walicheka. Jina la Bingwa walimpa wao wenyewe, maana kiwanda kizima hakuna aliyemweza kwa kisu: nanasi moja, mizunguko minne, ganda chini. Mdomo nao hakuna aliyemweza.

Siku hiyo wamenyaji saba hawakusomeka. Nesi wa kiwanda aliitwa getini, akavishika vidole vyao kimoja kimoja, akatikisa kichwa.

"Nanasi lina kimeng'enya kinachokata protini vipande vipande," alieleza. "Hata tumboni mwenu mna vya jamii hiyo. Bila hivyo mngekula nyama na maharage mkafa njaa mmeshiba. Ila hiki cha nanasi hakijui kwamba ngozi yenu si chakula, na ngozi nayo ni protini. Mnalimenya, nalo linawala."

"Mistari itarudi?" aliuliza meneja.

"Itarudi. Wiki tatu bila kugusa nanasi." Akamgeukia Bingwa. "Na wewe glavu nilikupa tangu mwaka juzi."

"Zinateleza," alijibu Bingwa.

Meneja akatoa wiki tatu. Atakayerudi bila mistari, alisema, akatafute kazi kwingine.

Nyumbani kulikuwa na binti wa chuo aliyebakiza muhula mmoja, na mdogo wake aliyekuwa anamaliza sekondari. Ada ya wote wawili ilitoka kwenye ncha ya kisu kile. Kwa hiyo siku ya pili binti alipoingia jikoni na kumkuta Bingwa ameinamia beseni la mananasi, mikono mitupu, maji ya nanasi yamefika viwikoni, alilivuta beseni pembeni.

"Mama mdogo, nesi si amekukataza?"

"Tunda hili limekulisha, limekusomesha. Leo nilikimbie kwa sababu ya kisanduku chenye taa?"

"Basi menya kwa glavu."

"Sitaki."

Alimenya kila siku. Walikula nanasi mpaka ndimi zikawawasha, majirani wakagawiwa mpaka wakaanza kufunga milango wakisikia hatua zake. Binti alilia, akanuna, akaficha kisu. Bingwa akanunua kingine. Alikuwa mkaidi tangu zamani, lakini ukaidi wa safari hii binti aliuchukia kwa moyo wote, akamwambia wazi kwamba anawachezea maisha yao. Bingwa akaendelea na beseni lake.

Wiki tatu zikaisha. Getini, wenzake sita waliweka vidole, taa ikawaka kijani mara sita, majina yakatoka, vigelegele vikapigwa. Akaja yeye. Nyekundu.

"Wewe peke yako," alisema meneja. "Kwa nini?"

"Nimemenya kuliko wao."

"Nenda nyumbani, mama."

Bingwa akaketi chini, katikati ya geti, akanyoosha miguu. "Waulize hawa kama mimi ni mgeni. Wakisema hawanijui, naondoka sasa hivi."

Hakuna aliyeulizwa. Mwanamke mmoja aliweka kisu chake chini kando yake, akafuata wa pili, na baada ya muda visu vyote vilikuwa sakafuni. Nje malori matatu ya mananasi mabivu yalikuwa yanaungua juani, maji yake yakidondoka barabarani na nyuki wakijikusanya. Meneja alipiga simu huku na huku, akatoka jasho, akarudi. Saa sita mchana alimwita mpiga picha.

Meneja aliulinganisha uso wa Bingwa na picha ya kwenye kitambulisho chake cha zamani. Macho yale yale, kidevu kile kile, ila umri umesogea. Akamwandikia kadi ya kuvaa shingoni, yenye jina na picha, ya kupita bila kuulizwa kidole mpaka siku ya kustaafu.

"Umenishinda," alisema.

"Mimi nimekuja kazini tu," alisema Bingwa, akaingia kumenya.

Jioni hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia makaburini, akang'oa majani kwenye kaburi moja la pembeni, kisha akavua kadi na kuiegemeza kwenye jiwe lililoandikwa jina lile lile la kwenye kadi, na chini yake mwaka wa kifo, miaka kumi na tisa iliyopita.

"Pacha wangu," alisema, "vidole havikunitaja. Bado uko kazini."