Ufunguo wa Sanduku

Mpishi wa kambi ya ujenzi wa barabara aliandika yote aliyotendewa binti yake wa darasa la tano na msimamizi wa kazi, akaitumbukiza barua kwenye sanduku la malalamiko, chini ya bango la kanuni za kulinda watoto. Siku nne roho yake ikakaa juu juu.

Ijumaa afisa wa mradi akaja kulifungua.

"Ufunguo anao nani?"

Msimamizi akachomoa funguo zake kiunoni, akautenga mmoja mdogo, uliokaa kati ya wa stoo na wa chumba chake cha kulala.

Sanduku lilikuwa tupu.

"Hongereni," afisa akasema, huku akiandika.

Msimamizi akamsogelea mpishi. "Mama, kumbe una mwandiko mzuri. Kesho kuni alete binti mwenyewe."