Kibao cha Usiku wa Ijumaa

"Hivi, marehemu alikufa Alhamisi au Ijumaa?" jirani alimwuliza Bi Mwanakheri wakati wa matanga ya mumewe.

"Jua lilikuwa limeshazama," alimjibu. "Ni usiku wa Ijumaa. Mungu alimchagulia usiku mwema."

Sasa alisimama dukani kwa Sudi, fundi wa vibao vya makaburi, akikitazama kibao kilichochongwa na mashine: mwaka mbele, kisha mwezi, kisha tarehe ya Alhamisi, na saa 19:30.

"Saa kumi na tisa! Hiyo ni saa ya nchi gani, mwanangu?"

"Ya dunia nzima, mama. Mtandaoni wanaandika hivyo. Kwao siku inaanza saa sita usiku."

"Kwao. Mume wangu alisali magharibi ya kwetu, akakata roho juu ya msala."

"Mashine haitakubali, mama."

"Mimi sikuiomba ruhusa."

Aliokota msumari mezani, akapiga bismillahi, akakwaruza chini ya tarakimu zile, herufi moja moja, kwa mwandiko wa darasa la nne: USIKU WA IJUMAA. Sudi alinyoosha mkono amzuie, kisha akaurudisha. Bi Mwanakheri alijitwika kibao, akatoka, unga wa mbao ukimdondokea mabegani.