Kasa wa Mkono Mmoja

Kasa wa kumi na nne alitoka na miguu mitatu.

Mama alimtazama pale mezani, akamkunjua kwa kiganja cha kulia mpaka akarudi kuwa karatasi tupu, akaanza upya. Mkono wa kushoto ulikuwa umebanwa kifuani, umefungwa kwa mtandio. Karatasi aliikandamiza kwa kopo la sukari, ikateleza. Akaishika kwa kidevu, ikalowa jasho.

Na huyu ndiye ambaye kule kiwanda cha uchapaji walimwita Vidole. Miaka minane kazi yake ilikuwa kukunja: vipeperushi, kalenda, kadi za harusi. Wenzake wakimaliza bunda la kwanza, yeye yuko la tatu, na umbea juu. Jioni alibeba mabaki ya karatasi nyumbani, akamkunjia binti yake wa miaka sita kaa, pweza, nyangumi na kasa. Mtoto aliwapenda wote, lakini kasa alilala naye.

Tangu ajali ya kiwandani, wiki tatu sasa, nyumba haikuwa na kelele ya mtoto. Leo saa kumi baba yake angemleta. Jana mtoto alikuwa ameuliza, "Mama, nikirudi tutakunja kasa?"

"Tutakunja," mama alijibu, haraka mno. Kisha akaenda kujifungia chooni, akafungulia maji ili asisikike.

"Hodi kwa Vidole!"

Alikuwa Mkasi, mwendesha mashine ya kukata karatasi. Jina lilipomtoka tu, akajiuma ulimi. Alikaa pembeni ya kiti kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mumeo aliniambia," alisema, akiangalia ule mtandio. "Nikadhani ananitania."

"Umeona sasa."

"Huyu ni kasa au kiatu?"

"Ni kiatu cha kasa. Kaa kimya nihesabu."

Mkasi alijaribu kucheka. "Unajitesa, dada. Mkono hauumi?"

"Huu hauumi." Hakuinua macho. "Ungeuma ningeshukuru."

Kisha Mkasi akasema taratibu, "Mimi ndiye niliyebonyeza."

"Na kile kipande cha boksi alikikunja nani?"

Wote wawili walijua. Mashine ile haishushi kisu mpaka ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, kila mkono na chake, ili pasibaki mkono chini ya kisu. Lakini hiyo ni kazi ya pole pole. Kwa hiyo kitufe kimoja walikibana kwa kipande cha boksi kilichokunjwa vizuri, kikadidimia moja kwa moja, na Mkasi akabaki na mkono mmoja wa kusukumia karatasi. Hakuna aliyejua kukikunja kama Vidole. Siku ile shule zilikuwa zimefungwa, nyumbani hapakuwa na mtu, oda ya kalenda ilikuwa kubwa, na kila mtu alikuwa na haraka zake.

"Msimamizi anasema nafasi yako ipo," Mkasi alisema.

"Mwambie ahsante. Sirudi."

Aliinamia meza tena. Safari hii hakuanza na kichwa, alianza na miguu. Kopo aliliweka kwenye kona ya karatasi, kiganja kikakandamiza, kidole gumba kikapita taratibu juu ya mkunjo. Alikuwa akijisemea kwa sauti ndogo: "Kopo hapa. Kiganja. Gumba. Usivute, sukuma."

"Unamwambia nani?"

"Naziweka kichwani. Nisije nikaruka hatua."

Kasa wa kumi na tisa alisimama juu ya meza kwa miguu minne. Shingo yake ilikuwa imepinda kidogo, kama anayeuliza njia. Mkasi, mwenye mdomo usiokosa neno, aliinuka, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akatokea mlango wa nyuma bila kuaga.

Mama hakufurahia sana. Alimkunja mwingine, kisha mwingine, mpaka mkono ukaacha kubahatisha. Wa ishirini na mbili alimkunja huku macho ameyafumba.

Nje gari lilisimama. Aliisikia sauti ya mumewe, "Pole pole, mwanangu, kuna ngazi," na hatua ndogo zikipanda moja moja.

Mama alisimama. Alifungua fundo la mtandio kwa meno, akaushusha mkono wa kushoto uliokuwa umekufa ganzi, akavikunja na kuvikunjua vidole vyake vyote vitano mpaka damu ikarudi. Akafungua mlango, akapiga magoti, akamkumbatia binti yake kwa mikono miwili.

Mtoto naye akamkumbatia, kwa mmoja.