Mmea Usiomwagiliwa

Usijitie hamnazo. Ulipita mlangoni kwa fundi cherehani, ukaziba pua kwa kiganja, ukaongeza mwendo. Mtoto wake alikuwa anatapika kwenye beseni, na wewe ukajifanya unatafuta funguo mfukoni. Basi leo utasikia, utake usitake.

Chumba kilinuka. Si harufu ya taka, si ya panya aliyekufa. Ilikuwa nzito, tamu kidogo, ya kuganda kooni. Nyumba nzima ya wapangaji ilishaamua inatoka wapi: kwenye ule mmea.

Fundi alirithi kipande cha shina kwa marehemu mama yake, majani mawili ndani ya chupa ya maji. Akaupanda, akaulea. Aliupangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, akauweka mbali na jua kali la dirishani, akaufunga kwenye misumari kwa vipande vya kitambaa vinavyobaki mezani akishona. Ukatambaa ukuta mzima, majani mapana kama viganja, ukazama nyuma ya kabati.

"Unaumwagia nini, shoga?" Mama Pacha, jirani yake, aliuliza kutoka nje, mtandio puani. "Unavyong'aa! Wanangu hata nikiwapaka mafuta hawang'ai hivyo."

"Siumwagii kitu. Tangu mtoto aanze kuumwa nimeusahau kabisa. Udongo mkavu, njoo utie kidole."

"Mh! Nitie kidole mimi? Pacha wangu nao wameanza kuharisha. Mmea mchawi huo." Akacheka, lakini hakuingia.

Mwenye nyumba alikuja leo asubuhi, chupa yake ya maji ya dukani kwapani kama kawaida. Binti wa fundi alikuwa kitandani, midomo imekauka, mashavu yameingia ndani. Mama yake alikuwa anamnywesha maji ya bombani kwa kijiko.

"Pole, mjukuu wangu," mwenye nyumba alimwambia mtoto, kisha akamgeukia mama. "Nikwambie mara ngapi? Mizizi imeoza hiyo. Unafuga uchafu ndani, halafu unalalamikia tumbo la mtoto."

"Mzee wangu, mimi nilikuomba uangalie ukuta. Una unyevu tangu ulipoupiga plasta."

"Ukuta nimeuziba kwa mikono yangu hii. Ni mzima. Kata huo mmea hapo kwenye chungu, utupe. La sivyo mhame wote watatu: wewe, mtoto na mmea. Na ukuta wangu usiuguse!"

Fundi akamtazama kwa jicho la kazi yake. "Shati hilo la dukani linakubana kwapani. Lile la mistari nililokushonea, nikakugeuzia na kola ilipolika, liko wapi?"

"Aa, lile? Lilinisitiri sana. Lilipochakaa nikalifanya tambara."

Wakacheka wote wawili. Mpangaji hucheka na anayemfukuza, ana lipi jingine?

Mwenye nyumba akatoka, akasimama juu ya ngazi na simu yake. Fundi akachukua mkasi, akakata shina kwenye chungu, kisha vile vitambaa vya msumarini kimoja kimoja. Mmea ukamwangukia begani kama mtoto aliyesinzia. Wapangaji wakajaa mlangoni. Na wewe ulikuwepo, na glasi yako ya maji mkononi, unapiga funda taratibu, unatazama sinema.

Akasogeza kabati. Nyuma yake mashina yalikuwa yameng'ang'ania ukuta.

"Yatosha, shoga, acha hayo," alisema Mama Pacha.

"Kama mmea huu unamuumiza mwanangu, hautabaki humu hata uzi."

Akavuta kwa mikono miwili. Plasta ikabanduka kama gaga la kidonda. Kutoka kwenye ngazi sauti ya mwenye nyumba ikapasuka: "Acha ukuta!"

Harufu ikawapiga wote usoni. Mama Pacha akatapika pale pale. Ndani ya ukuta, bomba nene la vyoo vya ghorofa ya juu lilikuwa na ufa, na lilikuwa linadondokea bomba jembamba lililoliwa na kutu hadi kutoboka, lile linalopeleka maji kwenye koki za nyumba nzima. Yote mawili yalikuwa yamefungwa pamoja kwa furushi la kitambaa cheusi, kinachuruzika kinyesi. Mizizi minene, myeupe, ilikuwa imejisuka humo, inakunywa.

Fundi akavuta tena. Furushi likamfungukia mikononi. Akalipangusa kwa kidole gumba.

Chini ya uchafu kulikuwa na mistari. Kisha kola, iliyogeuzwa, kwa mshono wake mwenyewe.

Weka chini hiyo glasi. Mwenye nyumba anashuka ngazi mbio, hajafika getini. Nenda kamfungie.