Kitanda cha Kesho

Kitanda kilikuwa hakijashushwa hata kutoka kwenye mkokoteni, na tayari Kesho alikuwa ameingia jikoni kutafuta kipande cha boksi.

"La nini hilo?" Mama Mlezi alimuuliza.

"La kuweka chini ya mguu."

Mama Mlezi hakulitilia maanani. Mchana kutwa alikuwa kwenye uwanja wa shule ya jirani, akipokea michango ya mtaa kwa ajili ya nyumba yake ya vijana wasio na makazi, na miguu ilikuwa inamwaka moto. Watu walijitolea kweli, hilo hawezi kulikana. Mwenye duka alitoa mchele, mafundi cherehani wakaleta mashuka. Lakini walikuwepo pia walioifanya siku ya michango kuwa siku ya kusafisha stoo: feni isiyozunguka, suti ya harusi, ndoo yenye tundu. Wote aliwashukuru kwa tabasamu lile lile mpaka mashavu yakamuuma. Kitanda hiki ndicho kilichomfurahisha, maana tangu anakipokea alijua kitakuwa cha nani.

Msichana huyu, ambaye wenzake walimbandika jina la Kesho, alikuwa akilala sakafuni juu ya mkeka, na kifua kilikuwa kinambana. Si kwamba vitanda vilikosekana. Kila alipopewa kimoja alimpisha mwenzake.

"Mimi mpita njia tu," alikuwa akisema. "Baba akishapoa, kesho mama ananiita. Kitanda changu kipo."

Alianza kusema hivyo mvua zilipoanza, na sasa mvua zilikuwa zimekwisha. Kwao ni wapi, hakusema, na nyumba ile haikuwa na desturi ya kumlazimisha mtu kusema. Mama Mlezi alikuwa amembembeleza, amemgombeza, amemsugua dawa kifuani. Kila asubuhi alimkuta pale pale chini, anakohoa. Hakujua tena afanye nini, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kuonyesha.

Fundi seremala, aliyekuja kukiunganisha kitanda bure na kuhakikisha kila mtu anajua ni bure, alikuwa anahangaika na ubao mmoja wa ubavuni uliokataa kuingia. Akaugonga nyundo. Akautukana.

"Ugeuze," Kesho alisema kutoka mlangoni. "Huo huingia juu chini."

Fundi akaugeuza, ukaingia bila ubishi. Akamtazama yule msichana kwa wivu kidogo.

"Nani kakufundisha kazi yangu?"

Kitanda kiliposimama kiliyumba. Kesho akainama, akasukuma kile kipande cha boksi chini ya mguu wa nyuma, ule wa upande wa ukutani, na kitanda kikatulia. Fundi akakusanya vifaa vyake, akaaga.

Mama Mlezi aliona hapo ndipo pa kumkamata. Akamkalisha ukingoni mwa kitanda, naye akaketi karibu yake.

"Mwanangu, hiki usinikatalie. Aliyekileta ni mama mmoja, masikini, alikuwa analia. Nilimwomba asubiri aje amwone atakayekilalia, lakini mumewe alikuwa anamharakisha."

"Alikuwa analia nini?"

"Kilikuwa cha binti yao. Baba mtu ndiye aliyesema, mama mwenyewe hata neno halikumtoka. Binti amefariki. Msiba wameshaumaliza, sasa chumba chake wanataka kukipangisha."

Mkono wa Kesho ulikuwa unapapasa chini ya ubao wa kichwani, kule jicho lisikofika, kama mtu anayetafuta swichi kwenye giza. Ulipofika mahali fulani, ukatulia hapo.

"Mama mtu hakusema chochote?"

"Hata kidogo. Aliinamisha kichwa tu."

"Basi nitakilalia," Kesho alisema.

Mama Mlezi almanusura apige vigelegele. Miezi yote ile ya kubembeleza, kumbe dawa ilikuwa ni kumwambia mtoto ukweli. Akakimbia kuleta shuka jipya, akalitandika mwenyewe, akalinyoosha kila pembe. Kesho akapanda, akajikunja, uso akauelekeza ukutani. Mama Mlezi akamfunika mpaka mabegani, akazima taa. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaitwa.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Ukimwona tena yule mama, mwambie marehemu amekipokea kitanda chake."