Milioni Moja na Tatu

Mjini kwetu namba hutolewa kwa zamu ya kuzaliwa. Ukifika miaka saba, unakaa tu na mtu ambaye namba yake na yako zina kigawo cha pamoja kinachozidi moja. Namba ya Siwema, milioni moja na tatu, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa hiyo mama yake alimjengea kibanda uani.

"Wa kwanza atakayeweza kukaa nawe ni milioni mbili na sita," alimwambia. "Bado hajazaliwa."

Asubuhi alipompelekea uji dirishani, alimkuta amejibana ukingoni mwa kitanda.

"Mbona hivyo, mwanangu?"

"Mtoto akija atalala ukutani, mama, asianguke."

Mama alimpitishia kikombe. Hakuthubutu kumwambia kwamba siku hiyo yeye Siwema atakuwa bibi kizee.