Kichwa cha Kokutona

Siku hizi watemi hawafi. Mwili mmoja ukichoka, kumbukumbu zao hupandikizwa kichwani mwa mtoto mchanga wa mtwana, kabla hajaanza kukumbuka lolote, naye ndiye anayetawala. Kaka yangu alichaguliwa hivyo. Alipotimiza miaka saba alimfukuza baba yetu shambani kwa kosa la babu.

Leo mjumbe wa mtemi kasimama mlangoni kwangu.

"Hongera, mama. Umezaa mtemi."

"Nimezaa Kokutona."

"Wenzako wanaililia bahati hii."

"Kawape."

"Nitamfuata siku ya saba."

"Utakikuta kichwa kimejaa."

Nikafunga mlango, nikaanza kumsimulia mtoto jinsi babu alivyogoma kumbeba mtemi begani, na jinsi baba alivyofia barabarani. Rwegasira, mume wangu, akauliza kama na huko si kumpandikiza.

"Ndiko," nikasema. "Koo limenikauka. Endelea wewe."